Picha ya waridi kwenye simu: setilaiti inavyoona vumbi, na isichokiona

Mama mmoja aliyemleta mtoto wake kliniki alinionyesha simu kabla hata hajakaa. Kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo wao kulikuwa na picha ya kaskazini mwa Kenya iliyopakwa rangi ya waridi kali, kana kwamba mtu amemwaga sharubati juu ya ramani. Chini yake mtu ameandika kwamba hiyo ni gesi ya sumu kutoka nje ya nchi, na kwamba watu wasitoke nyumbani kwa siku tatu.

"Sista, hii ni kweli? Mimi nimetembea na mtoto njia nzima."

Picha ilikuwa ya kweli. Maneno yaliyokuwa chini yake ndiyo yalikuwa ya uongo. Ile waridi si gesi, wala si mionzi. Ni vumbi, lile lile lililokuwa limeganda kwenye kope za mtoto wake asubuhi ile, na rangi imewekwa na kompyuta ili vumbi lisichanganywe na mawingu.

Tangu siku hiyo nimeulizwa swali hilo na walezi wengine, wengi wao nyanya wanaolea wajukuu. Picha huwa ya namna ile ile, uvumi ndio hubadilika. Ndiyo maana nimeona niandike picha hizi zinatoka wapi, zinasema nini, na kwa nini hata picha iliyo sahihi kabisa haiwezi kukuambia kama mtoto wako yuko salama.

Kwa nini zimekuwa nyingi sasa

Watabiri wa hali ya hewa wamezitumia picha hizi kwa zaidi ya miaka 20. Hupigwa na setilaiti za Meteosat, ambazo ni mali ya EUMETSAT, shirika la nchi za Ulaya, na idara za hali ya hewa za Afrika huzipokea kwa dishi isiyo tofauti sana na ile ya televisheni iliyo juu ya paa la jirani. Zamani zilibaki ofisini kwa watabiri. Siku hizi ziko wazi kwenye mtandao, na yeyote mwenye bando anaweza kuzichukua, kuzikata na kuzisambaza bila maelezo.

Setilaiti zenyewe pia zimekuwa karibu nasi zaidi. Tangu 2022, Meteosat-9 inakaa juu ya Bahari ya Hindi, kwenye ikweta, si mbali na pwani ya Somalia. Nasema "inakaa" kwa sababu iko karibu kilomita 36,000 juu, na kwa umbali huo huizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia hujizungusha, hivyo huwa juu ya mahali pamoja siku zote. Kutoka hapo huitazama Marsabit karibu moja kwa moja kutoka juu, na hutoa picha mpya kila dakika 15. Mwenzake mpya, Meteosat-12, alianza kazi rasmi Desemba 2024 akiwa juu ya Ghuba ya Guinea upande wa magharibi, naye hutoa picha kila dakika 10.

Na vumbi limekuwa habari ya dunia. Umoja wa Mataifa umetangaza miaka ya 2025 hadi 2034 kuwa muongo wa kukabiliana na dhoruba za mchanga na vumbi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linakadiria kwamba tani bilioni 2 hivi za vumbi huingia angani kila mwaka, na kwamba watu milioni 330 katika nchi zaidi ya 150 huathirika. Wenye binti au dada anayefanya kazi Ghuba hamhitaji kuambiwa. Mei 2022 dhoruba zilifuatana Iraki na Kuwait hadi ndege zikasimamishwa, na katika dhoruba moja ya mwezi huo watu zaidi ya 5,000 walitibiwa hospitalini Iraki kwa matatizo ya kupumua. Picha za anga la rangi ya chungwa walizotutumia zilikuwa za kawaida, za simu. Zile za waridi ni kitu kingine.

Kipima joto kilicho mbali sana

Unakumbuka kile kipima joto cha wakati wa Korona, kile kilichofanana na bastola ndogo, ambacho mlinzi wa supamaketi alikulenga nacho kwenye paji la uso? Hakikukugusa. Ngozi yako hutoa joto lisiloonekana kwa macho, na kifaa hulisoma kikiwa mbali kidogo. Setilaiti hufanya hivyo hivyo, ila paji lake la uso ni ardhi.

Sasa chukulia umemvisha mtoto kofia nzito ya sufi, kisha ukalenga kofia. Namba itashuka. Homa haijapungua, ila kuna kitu kimekaa katikati. Vumbi linalopeperuka juu ya ardhi ya moto ndilo ile kofia.

Shida ni kwamba wingu nalo ni kofia. Kwa hiyo setilaiti haisomi joto la aina moja tu. Joto, kama mwanga, lina rangi zake, ingawa sisi hatuzioni, na kwa kazi hii husomwa rangi tatu, zenye mawimbi ya mikromita 8.7, 10.8 na 12. Vumbi la jangwani limejaa madini ya mchanga, na madini hayo huzuia joto la 10.8 zaidi kuliko la 12. Barafu iliyomo kwenye mawingu membamba ya juu hufanya kinyume, huzuia la 12 zaidi. Kompyuta hutoa namba moja kutoka kwa nyingine, na pale tofauti inapoelekea upande wa vumbi huweka wekundu mwingi. Ardhi yenye joto nayo hupewa buluu. Wekundu na buluu vikikutana bila kijani cha kutosha, unapata waridi. Mawingu mazito ya mvua hutokea mekundu yaliyokolea kama tofali, na yale membamba ya juu hutokea meusi.

Ndiyo maana nilimwambia yule mama asiogope rangi. Waliotengeneza picha ndio waliopanga kipimo gani kipewe rangi gani, na wangepanga vingine, tungekuwa tunazungumza juu ya vumbi la manjano. Faida ya kusoma joto badala ya mwanga ni kwamba picha hupatikana hata usiku wa giza.

Upepo wa kwetu

Chalbi, katika Kaunti ya Marsabit, ni sakafu ya ziwa la kale. Mvua kubwa ikinyesha hushika maji, kisha maji hukauka na kuacha udongo laini na chumvi. Udongo kama huo hausubiri kubembelezwa. Na upepo upo tele: upepo wa kusini-mashariki unaotoka Bahari ya Hindi hubanwa kati ya milima ya Ethiopia na nyanda zetu za juu, ukapita kwa kasi kama maji mpirani ukibana mdomo wake kwa kidole. Wataalamu huuita mkondo wa Turkana. Ndio unaozungusha mitambo 365 ya umeme karibu na Loiyangalani. Sina ugomvi na umeme, nawaambia tu kwamba ule unaowasha taa ndio huo huo unaotujaza vumbi kooni.

Mkondo huu hupata nguvu zaidi usiku kuelekea alfajiri. Asubuhi jua likianza kupasha ardhi, hewa huchanganyika na upepo wa juu hushuka hadi chini. Mama wa Kargi au Maikona anajua bila kuambiwa kwamba saa za kuteka maji mara nyingi ndizo saa za vumbi. Na hapa ndipo setilaiti inapoanza kutuangusha.

Wakati wa usiku ardhi ya jangwani hupoa haraka. Vumbi lililo chini chini likiwa na joto sawa na la ardhi, kipima joto hakioni tofauti ya kofia na paji la uso. Vumbi jembamba la usiku linaweza kupita bila kuacha alama ya maana kwenye picha, nawe uliyelala ndani ya nyumba ya mikeka ukaamka na mchanga mdomoni. Kukiwa na wingu zito juu ya vumbi, setilaiti huona wingu tu. Tena kila nukta ya picha hii ni kipande cha ardhi chenye upana wa kilomita 3 hivi. Chamchela inayozunguka kwenye uwanja wa shule haipo. Vumbi la lori kwenye barabara ya murram halipo.

Kubwa kuliko yote ni kimo. Setilaiti hutazama kutoka juu kwenda chini, na huona vumbi lote lililo njiani pamoja, bila kukuambia vizuri liko wapi. Vumbi lililopanda kilomita mbili, tatu juu, likisafiri kwenda mbali, linaweza kupaka ramani nzima waridi huku chini watoto wanacheza kwenye hewa ya kawaida. Na tabaka la vumbi lililolala usawa wa goti, usawa wa pua ya mtoto anayetambaa, linaweza kuonekana hafifu tu.

Kinachodhuru kifua ni chembe ndogo zilizo kwenye hewa unayoivuta. Chembe za mikromita 10 kushuka chini hupita pua na kuingia njia ya hewa, na zile za 2.5 kushuka chini, nyembamba mara kama 30 kuliko unywele, hufika ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba kwa siku nzima hewa isizidi mikrogramu 45 za zile za kwanza na 15 za zile za pili katika kila mita ya ujazo. Rangi ya waridi haikupi namba hizo. Ni mashine ya ardhini inayozitoa, na mashine hizo kaskazini mwa Kenya ni chache mno. Kwa hiyo picha ya setilaiti ni habari njema kwa mtabiri anayetaka kujua dhoruba imeanzia wapi na inaelekea wapi. Kwa mama ni sawa na kuona moshi ng'ambo ya kilima. Umejua kuna moto, hujajua kama unakuja kwako.

Moshi ambao hakuna setilaiti inayouona

Siku ya vumbi watu hufunga. Wenye madirisha hufunga madirisha, wasio nayo huteremsha ngozi na mikeka na kuziba mlango kwa shuka. Ni jambo la busara. Kisha jioni inafika, nje hakupikiki, na jiko linaingizwa ndani.

Hili ndilo linalonitia hofu kuliko picha zote za WhatsApp. Moshi wa kuni kwenye chumba kilichozibwa una chembe zile zile ndogo tunazolikimbia vumbi kwa ajili yake, na mara nyingi kwa wingi kuliko dhoruba yenyewe, tena pua ya mtoto iko futi chache tu kutoka motoni. Makaa ni hatari ya namna nyingine: hayatoi moshi mwingi, hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua watu wakiwa usingizini. Nikilazimika kuchagua kati ya mtoto kukaa saa moja kwenye vumbi la wastani na kukaa saa moja kwenye chumba kilichofungwa chenye jiko, namtoa nje bila kusita.

Siku ukijua upepo unakuja, pika mapema, chakula cha kutosha siku nzima, uji uwe kwenye chupa ya chai. Ikibidi kupika wakati upepo unavuma, pika upande wa nyumba uliokingwa, hata kama ni nje, na mtoto abaki ndani. Jiko la makaa lisilale ndani hata likionekana limezimika.

Utajuaje upepo unakuja? Hapa sihitaji setilaiti wala wewe huihitaji moja kwa moja. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa tahadhari upepo unapotarajiwa kuzidi noti 25, yaani kama kilomita 46 kwa saa, na hutaja kaunti kwa majina. Tahadhari hizo husomwa kwenye redio na wengi huzisikia kama habari za mabati na mashua. Sikia Turkana au Marsabit zimetajwa wakati ardhi ni kavu, hesabu kwamba ni tahadhari ya kifua pia. Nyuma ya tahadhari ile kuna picha za setilaiti, vipimo vya upepo na hesabu za kompyuta, vilivyosomwa na mtu aliyesomea kazi hiyo. Ninaiamini kuliko picha iliyokatwa isiyo na tarehe. Na tarehe ni jambo la kuangalia: picha ya vumbi ya mwaka juzi ina waridi sawa na ya leo.

Kuhusu barakoa, nitasema kwa kifupi. Ya kitambaa au leso huzuia mchanga, haizuii chembe ndogo. Ile ya N95 ikikaa vizuri usoni humsaidia mtu mzima, ila watoto wadogo haiwakai. Mtoto wa chini ya miaka miwili asizibwe pua na mdomo kwa kitu chochote. Ukimbeba mgongoni, geuza mgongo wako ili upepo ukupige wewe kwanza, na shuka liwe hema juu yake, lisigandame usoni. Macho yaoshwe kwa maji safi tu. Funika maji ya kunywa.

Wengine huniuliza kama vumbi huleta homa ya uti wa mgongo. Katika ukanda unaoanzia Senegal hadi Ethiopia, milipuko ya ugonjwa huo huja msimu wa ukame na vumbi na hupungua mvua zikianza, kwa hiyo swali ni la haki. Vijidudu hupita kutoka mtu hadi mtu kwa mate na makohozi. Vumbi haliwabebi, ila inaaminika hukwaruza koo na kuwarahisishia kuingia. Mtoto mwenye homa na shingo ngumu, au mtoto mchanga mwenye utosi uliovimba, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kuwe na vumbi au kusiwe.

Kipimo kilicho mikononi mwako

Yule mtoto wa mama mwenye simu alikuwa na miaka miwili. Tulipomaliza habari ya picha nilimwomba mama amfunue kifua, tukasubiri atulie kwenye paja lake, nikahesabu pumzi kwa dakika nzima nikitazama saa. Zilikuwa 52. Kikohozi kilikuwa kimeanza siku nne nyuma, kabla ya upepo, na mama alidhani ni vumbi tu. Ilikuwa nimonia, akaanzishiwa dawa palepale.

Kuhesabu huku unaweza kujifunza. Mtoto awe ametulia, halii, hanyonyi. Kila kifua kinapopanda ni pumzi moja. Hesabu dakika kamili, si nusu ukaongeza mara mbili, kwa sababu watoto hupumua bila mpangilio. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifika 60 au zaidi, wa miezi miwili hadi 11 akifika 50, wa mwaka mmoja hadi kabla ya miaka mitano akifika 40, anapumua haraka kupita kiasi na anahitaji kuonwa leo. Usihesabu chochote, ondoka mara moja, ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, au amekuwa wa buluu midomoni, au hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu, au ana degedege, au amelegea hazinduki vizuri.

Kikohozi kikavu cha siku moja mbili baada ya dhoruba, mtoto akiwa anacheza na anakula, hakihitaji antibiotiki. Anahitaji maji, maziwa ya mama na hewa safi.

Mwenye pumu ni habari nyingine. Kwake vumbi linaweza kuwasha moto ndani ya saa moja, kwa hiyo inhela ya buluu iwe nyumbani kabla ya msimu wa upepo, na usitegemee kuitikisa ili kujua kama bado ina dawa. Mtoto mdogo hawezi kuivuta vizuri moja kwa moja mdomoni. Chupa safi ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako, tundu likiwa la kuutosha mdomo wa inhela, hufanya kazi: dawa inapulizwa ndani ya chupa, mtoto anapumua kutoka upande wa pili mara kadhaa. Njoo nayo kituoni tukuonyeshe mara ya kwanza, tundu likiwa kubwa mno dawa hupotea.

Mtoto yule nilimwona tena siku ya tatu, pumzi 34, akivuta kamba ya kitambulisho changu. Mama yake alikuwa ameandika kwenye kikundi cha ukoo kwamba ile waridi ni vumbi. Mjomba mmoja bado anabisha.